Dhoruba wa Marvel na pepo za Kilwa

Mwaka 1975 kampuni ya Marvel ya New York ilitoa jarida nene la katuni lililouzwa senti 50 za Marekani. Jina lake lilikuwa Giant-Size X-Men namba 1, mwandishi Len Wein, mchoraji Dave Cockrum. Humo ndani, kati ya mashujaa wapya waliokusanywa kutoka pande mbalimbali za dunia, yumo mwanamke wa Kiafrika mwenye nywele nyeupe na macho ya buluu anayeamuru mvua, radi na upepo. Anaitwa Ororo. Jina la kazi atakalopewa, ambalo mamilioni ya watu wamelijua baadaye kupitia sinema, ni Storm, yaani Dhoruba. Tunakutana naye Kenya. Nchi imekauka, na watu wamemwendea kumwomba mvua kwa sababu wanaamini ni mungu.

Nilipolisoma toleo hilo ujanani nilifuata ngumi na radi. Nimelisoma upya Kilwa Masoko, katika chapa ya marudio, kwenye pwani ambayo mvuvi hatii chombo majini kabla ya kutazama upepo umekaa upande gani. Safari hii mapambano yalinipita haraka. Zilizonishika ni zile kurasa chache za Kenya, na hasa wale watu walioomba mvua, ambao jarida linawaaga mapema na wala halirudi kuwauliza hali.

Kisa chenyewe ni chepesi kukieleza. Kikosi cha zamani cha X-Men, vijana waliozaliwa na vipawa vinavyowafanya waogopwe na jamii, kimepotelea katika kisiwa kiitwacho Krakoa. Kiongozi wao, Profesa Charles Xavier, mtu anayetembelea kiti cha magurudumu na mwenye uwezo wa kusoma mawazo ya wengine, anazunguka dunia kutafuta kikosi kipya cha kuwaokoa. Ujerumani anampata Nightcrawler, kijana mwenye sura ya kishetani anayekimbizwa na wanakijiji wenye mienge. Anamchukua Wolverine kutoka jeshini Kanada, Banshee wa Ireland anakutwa Marekani, Sunfire yuko Japani, Colossus analima katika shamba la ushirika Siberia karibu na ziwa Baikal, na Thunderbird ni Mwapache wa Arizona. Baadaye inagundulika kwamba kisiwa chenyewe ndicho adui: ni kiumbe hai kinachojilisha nguvu za watu wenye vipawa. Wanakishinda, na Dhoruba anashiriki kwa kumpa mwenzake Polaris nguvu za umeme wa radi hadi kisiwa kizima kinarushwa nje ya dunia. Kurasa 36, mwisho.

Inafaa kujua kikosi hiki kilizaliwaje. Tangu mwaka 1970 jarida la X-Men lilikuwa likichapisha hadithi za zamani tu, kwa sababu mauzo yalikuwa duni. Wazo la kulifufua kwa mashujaa wa mataifa mbalimbali linahusishwa na Al Landau, mkuu wa Marvel wa wakati huo, aliyeona kwamba shujaa wa nchi fulani angesaidia kuuza majarida katika nchi hiyo. Mhariri Roy Thomas alilichukua, kisha likaangukia mikononi mwa Wein na Cockrum. Cockrum alikuwa na daftari lililojaa wahusika waliokuwa hawajapata kazi. Mmoja wao alikuwa mwanamke mweusi anayejigeuza paka. Kwa kuwa wanawake wa aina hiyo walikuwa tayari wengi katika katuni za Marekani, walimwondolea upaka, wakampa mamlaka juu ya hali ya hewa aliyokuwa amebuniwa nayo mhusika mwingine, wakamvika joho, wakampeleka Kenya.

Hesabu ya biashara hiyo ilihusu Japani, Ujerumani na Kanada. Sidhani kama kuna mtu aliyekaa katika ofisi zile akamfikiria msomaji wa Mombasa au wa Lindi. Hata hivyo Ororo ndiye aliyekua kuliko wengi wa wenzake. Thunderbird aliuawa baada ya matoleo mawili tu, Sunfire alijiondoa mapema, lakini yeye alipanda hadi kuwa kiongozi wa X-Men. Alikuwa miongoni mwa wanawake weusi wa mwanzo kabisa kupewa nafasi ya mbele katika katuni za mashujaa za Marekani. Hilo ni jambo kubwa na nalisema kwa moyo mweupe. Kuna wasichana waliokua wakimwona yeye tu kama mtu wa sura yao anayeruka angani.

Sasa turudi Kenya ya jarida. Ororo anaonekana akiwa na nguo chache mwilini, nywele zimetanda mgongoni. Watu wanaomba, naye anaitikia: mawingu yanakusanyika, umeme unapasua anga, mvua inanyesha. Kurasa hizo ni nzuri mno kwa uchoraji. Cockrum alijua kuuchora mwili wa binadamu uelee hewani bila kuonekana unaanguka, na anga yake ina uzito. Mvua ikishanyesha, Xavier anajitokeza. Anamwambia kwamba yeye si mungu, ni binadamu aliyezaliwa na kipawa, na kwamba kipawa hicho kina wajibu kwa dunia nzima na si kwa watu wa mahali pamoja. Anamwahidi ulimwengu ambao huenda ukamwogopa na kumchukia, lakini unaomhitaji. Ororo anatafakari kidogo, anakubali, anaondoka.

Fikiri kidogo uzito wa tukio hilo. Mwanamke ameambiwa kwamba kila alichoambiwa kuhusu nafsi yake si kweli, na watu waliomtegemea kwa chakula chao wanaachwa. Jarida linalimaliza suala hilo ndani ya mazungumzo mafupi. Mgeni amefika, amesema, amechukua. Mvua ya mwaka unaofuata itatoka wapi? Nani atakwenda kuwaeleza wale watu kwamba mungu wao amehamia New York? Wein alikuwa na mashujaa saba wa kuwakusanya na nafasi yake ilikuwa ndogo, nalielewa hilo. Lakini msomaji wa upande wetu hawezi kuliruka swali ambalo mwandishi aliliruka, kwa sababu sisi ndio tunaoishi katika kile kijiji.

Tena mwaka wenyewe haukuwa wa mchezo. Miaka ya 1973 hadi 1975 Tanzania ilipita katika uhaba mkubwa wa chakula, ukame ukichangia, na serikali ikalazimika kununua nafaka nyingi kutoka nje kwa fedha za kigeni ambazo zilikuwa adimu. Ndipo ilipokuja kampeni ya Kilimo cha Kufa na Kupona. Wakati huohuo Operesheni Vijiji ilikuwa ikihamisha mamilioni ya watu kwenda vijiji vya ujamaa, mikoa ya kusini ikiwemo. Kwa hiyo wakati wasomaji wa Marekani wanaona mvua ikishushwa na mwanamke mwenye nywele nyeupe, wakulima halisi wa Afrika Mashariki walikuwa wanagombana na mbingu kwa jembe la mkono. Sioni kama jarida lilikuwa na wajibu wa kulijua hilo. Najua tu kwamba kwangu picha zile mbili haziachani.

Kilwa inafundisha somo jingine kuhusu upepo, nalo ni la zamani kuliko Marvel kwa karne nyingi. Mji huu ulisimama juu ya pepo mbili. Kaskazi huvuma kuanzia kama Desemba hadi Machi, ikileta vyombo kutoka Uarabuni, Ghuba na Bara Hindi. Kusi hushika kuanzia Aprili, ikawa kali katikati ya mwaka, kisha ikalegea, na ndiyo iliyovirudisha vyombo kwao. Kati ya hizo kuna majira ya upepo kubadilika, ambayo nahodha mzembe huyajutia. Sasa, Kilwa iko karibu na mwisho wa umbali ambao chombo kutoka Arabuni kiliweza kufika na kuondoka ndani ya mzunguko mmoja wa pepo. Kwenda mbele zaidi hadi Sofala, kwenye dhahabu iliyotoka bara ya Zimbabwe, kulihitaji safari nyingine na subira nyingine. Aliyeishika Kilwa aliishika njia ya dhahabu, na alichokuwa nacho mkononi kilikuwa ujuzi wa tarehe za upepo.

Ndiyo maana Ibn Battuta alipopita hapa mwaka 1331 aliukuta mji aliousifu kwa uzuri na ujenzi wake. Ndiyo maana Sultani al-Hasan bin Sulaiman aliweza kujenga Husuni Kubwa juu ya genge linalotazama bahari, jumba lenye vyumba zaidi ya 100 na birika la kuogea lenye pande nane. Ndiyo maana Kilwa ilipiga sarafu zake yenyewe. Magofu yake na yale ya Songo Mnara yameorodheshwa na UNESCO kuwa urithi wa dunia tangu mwaka 1981. Hakuna aliyeamuru upepo katika historia hiyo yote. Walichofanya watu wa Kilwa ni kuusubiri, kuuhesabu, kuupa majina na kuupangia biashara. Nyumba za matumbawe zenye ghorofa zilisimama kutokana na subira hiyo.

Naona hapa ndipo Dhoruba wa Marvel anapopungukiwa, ingawa ana radi mkononi. Upepo kwake ni silaha. Ukihitajika unakuja, ukimaliza kazi unaondoka. Hajawahi kukaa bandarini wiki nzima akingoja kaskazi ikomae, wala kurudisha chombo kwa sababu wingu la upande wa mashariki limebadilika rangi. Mtu wa pwani anayemsoma anahisi kwamba huyu dada wa angani ana nguvu nyingi, lakini wanaoujua upepo wamebaki chini, nje ya picha.

Na upepo wa pwani hii una upande wake wa kutisha. Aprili 1952 kimbunga kiliipiga Lindi. Kwa miaka mingi baadaye wengi wetu tulikua tukiamini kwamba vimbunga ni habari za Msumbiji na Madagaska. Aprili 2019 kimbunga Kenneth kilipita karibu mno, kikatua Cabo Delgado huku Mtwara na Lindi zikiwa katika tahadhari. Halafu kikaja Hidaya. Mapema Mei 2024 Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania ilikuwa imeshatoa taarifa za kimbunga hicho siku kadhaa kabla, na usiku wa kuamkia Mei 4 kikaifikia pwani upande wa Mafia na Kilwa. Kituo cha Kilwa kilipima zaidi ya milimita 300 za mvua ndani ya saa 24, wakati wastani wa mwezi mzima wa Mei hapa haufiki milimita 100. Barabara kuu ya Dar es Salaam kwenda Lindi na Mtwara ilikatika, maji yakasomba tuta na kuharibu madaraja eneo la Somanga. Malori na mabasi yakapanga foleni pande zote mbili, na kusini yote ikawa kisiwa.

Nilipofika kwenye ukurasa wa mvua wa Cockrum nikiwa na hayo kichwani, nilitua. Katika jarida mvua ni neema tupu. Inashuka, watu wanashukuru, hadithi inaendelea. Kwetu mvua ni neema yenye masharti. Tunaiomba ije, na tunaiomba isije yote. Mashujaa wa Hidaya, kama tunataka kulitumia neno hilo, ni watabiri waliotoa taarifa mapema, wavuvi waliokubali kuvuta vyombo nchi kavu na kukosa kipato cha siku hizo, na mafundi walioijaza Somanga mawe na kifusi hadi njia ikapitika. Sijui mchoraji wa Marekani angewachoraje. Mchoraji wa Kitanzania angeweza, na nitalirudia hili.

Kuna mtu mmoja ambaye siwezi kuizungumzia mvua na uungu katika pwani hii bila kumtaja. Ni Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe. Simulizi za wazee wa Umatumbi na Rufiji, ambazo mwanahistoria Gilbert Gwassa alizikusanya miaka ya 1960, zinaeleza kwamba mwaka 1904 Kinjikitile alipandwa na pepo aitwaye Hongo, akaingia ndani ya kidimbwi cha mto mbele ya watu. Ndugu zake walimtafuta humo wasimpate. Kesho yake akatoka majini akiwa mkavu. Kuanzia hapo watu walimiminika Ngarambe kutoka kila upande kupokea maji ya dawa, ambayo yangewalinda na risasi za Wajerumani.

Mtu anayeingia majini na kutoka mkavu. Mtu anayewapa wanyonge kinga dhidi ya silaha za mtawala. Mtu anayekusanya makabila yaliyokuwa hayaelewani yakawa jeshi moja. Hapo viungo vyote vya hadithi ya shujaa wa katuni vipo, tena miaka 70 kabla ya Xavier kuanza mzunguko wake. Tofauti ni kwamba hii ilitokea. Julai 1905 huko Nandete, katika vilima vya Umatumbi vilivyo ndani ya wilaya ya Kilwa, Ngulumbalyo Mandai na Lindimyo Machela waling'oa miche ya pamba ya serikali, pamba ambayo watu walilazimishwa kuilima kwa malipo ya dhihaka. Kitendo hicho kilikuwa tangazo la vita. Samanga ikashambuliwa. Agosti 4, 1905 Wajerumani walimnyonga Kinjikitile huko Mohoro, lakini maji yalikuwa yameshavuka mito na milima, na vita vya Maji Maji vikaenea kusini yote hadi mwaka 1907.

Maji hayakuzuia risasi. Jeshi la Wajerumani lilichoma mashamba na maghala, na njaa ikaua kuliko bunduki. Wajerumani wenyewe walikadiria waliokufa kuwa 75,000. Gwassa alikadiria kati ya 250,000 na 300,000. Katuni ya mashujaa haipendi hesabu za namna hii. Kisiwa cha Krakoa kinarushwa angani na mashujaa wote wanarudi nyumbani wakiwa wazima, mpaka mwishoni wanajiuliza watafanya nini na kikosi cha watu 13.

Ebrahim Hussein, aliyezaliwa mwaka 1943 katika pwani hii hii ya kusini, aliliona swali ambalo Wein aliliruka. Tamthiliya yake kuhusu mtu huyohuyo, Kinjeketile, ilitoka mwaka 1969, miaka sita kabla ya Ororo kuchorwa. Kinjeketile wa Hussein anafikia mahali pa kuyatilia shaka maneno aliyoyatoa mwenyewe akiwa amepandwa na pepo. Anawataka watu wasubiri, wajifunze vita kwanza. Wamechelewa kumsikia, neno limeshakuwa kubwa kuliko aliyelisema. Na anapokuwa kizuizini, akitakiwa aukane uongo wa maji, anakataa, kwa sababu anajua watoto wa kesho wataambiwa kwamba wazee wao walikosea kupigana. Hiyo ndiyo picha ya mtu aliyegundua kwamba si mungu. Inamgharimu kila kitu. Ukiiweka karibu na Ororo anayeambiwa hivyohivyo na kukubali ndani ya visanduku vichache, unaona umbali uliopo kati ya hadithi mbili za kitu kimoja.

Nisiwe mchoyo kwa Marvel, maana mwandishi aliyempokea Ororo kutoka kwa Wein alijua kuna deni. Chris Claremont alishika X-Men mwaka huohuo wa 1975 na kukaa nayo miaka zaidi ya 15. Katika toleo namba 102 la mwaka 1976 alimpa Ororo wazazi: mama, N'Daré, binti wa kifalme kutoka Kenya, na baba Mmarekani mweusi mpiga picha za habari. Waliuawa Cairo katika mapigano ya Suez ya mwaka 1956, mtoto akafukiwa na kifusi pembeni ya mama yake, na ndiyo asili ya woga wake wa mahali pa kubana. Akalelewa na wezi wa Cairo, kisha akatembea kusini hadi Serengeti. Kuanzia hapo akawa mtu.

Na Oktoba 1985, katika toleo namba 198 lililochorwa kwa mkono wa ajabu wa Barry Windsor-Smith, Claremont alimrudisha Afrika bila nguvu zake. Zilikuwa zimeporwa na silaha. Anatembea jangwani kwa miguu, anafika kijiji kilichopigwa na ukame, na safari hii hana mvua ya kuwapa. Anamsaidia mama kujifungua, anampulizia mtoto pumzi. Mzee wa kijiji anakwenda kufa kwa hiari kwa sababu ardhi haiwezi kulisha watu wengi zaidi. Njaa ya Ethiopia ilikuwa bado inaonekana kwenye televisheni za dunia nzima. Kwa maoni yangu toleo hilo lina ukweli kuliko lile la mwaka 1975, ingawa la kwanza ndilo linalouzwa kwa maelfu ya dola kwa wakusanyaji. Ilichukua miaka kumi kwa Dhoruba kukaa chini na watu na kuwauliza wanaishije. Hata hapo, kijiji kile bado ni cha Afrika ya kufikirika.

Wasomaji wetu wa wakati ule hawakuwa wakingoja Marvel. Tangu katikati ya miaka ya 1960 jarida la African Film, lililotolewa na wachapishaji wa Drum, lilikuwa likisomwa kutoka Lagos hadi Nairobi na Dar es Salaam. Shujaa wake alikuwa Lance Spearman, mpelelezi mweusi wa kofia na tai ya kipepeo, aliyesimuliwa kwa picha halisi za waigizaji, huku yeye mwenyewe akiigizwa na Jore Mkwanazi wa Afrika Kusini. Faraji Katalambulla, aliyekuwa ameshapata jina kwa Simu ya Kifo, akaleta Film Tanzania, hadithi za picha kwa Kiswahili. Kwenye gazeti la Uhuru kulikuwa na Chakubanga wa Christian Gregory. Miaka ya 1980 likaja Sani la Saidi Bawji na Nico ye Mbajo, na kalamu ya marehemu Philip Ndunguru ikatuachia Ndumilakuwili na Lodi Lofa, watu ambao kila mtaa ulidhani umewazaa wenyewe.

Ukiitazama orodha hiyo unaona kitu. Tulikuwa na mpelelezi, walaghai, wazembe na wapenzi waliosalitiana, wote wa mjini. Katuni ya Kiswahili ilikuwa hodari mno wa kuicheka jamii, na nguvu hiyo isipotee. Lakini wachoraji wetu wakubwa hawakuyapeleka macho yao mara nyingi kwa nahodha wa karne ya 14 anayesubiri kaskazi, wala kwa wale wawili wa Nandete walioinama shambani siku ile wakijua kinachofuata. Kwa hiyo kijana wa Kilwa Kivinje anayetaka kumwona Mwafrika akiamuru upepo bado anaelekezwa kwa mwanamke mwenye macho ya buluu, aliyebuniwa na wanaume wawili wa Marekani ili kuuza majarida kwingine.

Sisemi asimsome. Giant-Size X-Men namba 1 ni kazi safi ya mikono, na uzuri wa zile kurasa za mvua haujafifia. Amsome, ampende, kisha adai chake. Michoro ya kidijitali siku hizi inafanyika hata kwenye simu, na vipaji viko: nenda kaone wanavyochora daladala na kuta za vinyozi. Masimulizi ya Maji Maji aliyoyakusanya Gwassa, na kumbukumbu alizozihariri pamoja na John Iliffe mwaka 1968, zipo katika maktaba za vyuo vyetu. Nandete ina mnara wa kumbukumbu na wazee wa kuusimulia. Husuni Kubwa ipo, na chombo cha kuvukia kutoka Masoko kinapatikana.

Nawaomba wachapishaji wa Kiswahili, na Wizara zinazohusika na elimu na utamaduni, watenge fungu la kumlipa mchoraji mmoja na mwandishi mmoja waishi Kilwa kwa mwaka mzima wa pepo, kaskazi hadi kusi, watoe kitabu cha katuni kinachoanzia kidimbwi cha Ngarambe na kuishia Mohoro. Kiuzwe bei ambayo mwanafunzi wa sekondari ya Lindi anaweza kuitoa mfukoni mwake. Na wewe msomaji mwenye kalamu, usiwasubiri: anza na ule ukurasa wa Julai 1905, watu wawili, shamba la pamba, na mkono wa kwanza unaong'oa.